Mjomba Aliyefuata Hewa ya Mlimani

Mjomba aliponipigia simu kutoka Dar es Salaam, alikohoa kwanza ndipo akaongea. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba katikati ya kikohozi cha pili, kisha akanieleza kwamba daktari amemsimamisha kazi. Mapafu yamechoka. Atafute mahali pasipo na moshi wala vumbi, akae huko mwezi mmoja au miwili, ndipo arudi apimwe tena.

"Sasa mwalimu," akasema, maana tangu nianze kufundisha shule ya msingi aliacha kuniita kwa jina, "mahali pasipo na moshi ni wapi katika nchi hii?"

Ilikuwa likizo ya Juni nami nilikuwa nyumbani kwa wazazi, upande wa Bumbuli, mwendo mfupi kabla ya kufika Mgwashi. Kabla sijajibu, baba alikuwa ameshaninyang'anya simu.

"Shemeji, hilo nalo ni swali? Njoo huku. Hewa ya huku ni dawa. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuifuata Lushoto, wewe unashindwa kupanda basi?"

Baba yangu huizungumzia hewa ya Usambara kama mtu anavyozungumzia shamba alilolima mwenyewe kwa jembe la mkono. Mgeni akiisifu, yeye huinamisha kichwa kidogo na kusema, "Tunashukuru." Kwa hiyo safari ya mjomba iliamuliwa palepale, na mama, ambaye ndiye dada yake, alipata habari akiwa bondeni anachuma maharage.

Mjomba ni kitinda mimba kwao. Aliteremka mlimani akiwa kijana asiye na ndevu, akaishia kwenye gereji moja ya barabarani Buguruni, na huko akabobea katika kazi moja tu: kuunganisha mabomba ya moshi ya magari, yale wanayoyaita ekzosi. Gari likinguruma kupita kiasi, aliyetafutwa ni yeye. Alilala chini yake, akachomelea, akaamuru liwashwe, akasikiliza. Kwa zaidi ya miaka thelathini magari yalimpumulia usoni. Hakuwahi kuvuta sigara hata siku moja, na jambo hilo alilisema kwa uchungu, kama mtu aliyeadhibiwa kwa kosa la ndugu yake.

Nilimpokea Soni. Alishuka garini amevaa barakoa na shati lake jepesi la mikono mifupi, ameshika begi dogo, akatazama milima. Tulipofika nyumbani baba alimkumbatia, akarudi nyuma hatua moja, akamkagua.

"Shemeji, hicho kitambaa vua. Majirani watasema tumekwambia kijiji kinanuka."

Mjomba akavua barakoa, akaikunja, akaitia mfukoni. Watu wakaanza kuja kumwona. Jirani yetu wa nyuma ya ua, mama wa Kilutheri mwenye sauti ya kwanza katika kwaya yao, alileta maparachichi kwenye ungo. "Tumesikia umefuata hewa," akamwambia, kama mtu anavyosema umefuata mbegu za viazi. "Vuta tu, kaka. Ni ya Mungu."

Na kweli, mchana ule wa kwanza ulikuwa mzuri. Mjomba aliketi barazani ameelekea bonde, akavuta pumzi, akaachia, akavuta tena. Tangu adhuhuri mpaka alasiri hakukohoa hata mara moja. Baba alipitapita mbele yake na jembe ambalo hakuwa na kazi nalo, akimwangalia pembeni kama mtu aliyemwonjesha mgeni asali ya mzinga wake na sasa anasubiri sifa.

Jua likazama nyuma ya mlima. Anayeijua Juni ya kwetu anajua kinachofuata. Baridi haiji polepole, inashuka kama ndoo ya maji. Saa hiyo hakuna mtu wa kwetu anayebaki barazani. Sote tunahamia jikoni. Jiko la mama ni kibanda cha peke yake, kimejengwa hatua chache kutoka nyumba kubwa, kina mafiga matatu, mlango mmoja na kidirisha cha ukubwa wa daftari. Juu ya moto kuna dari ya fito ambako mama huanika mahindi ya mbegu na ya kula. Ndani yake kila kitu ni cheusi na kinang'aa: ukuta, fito, kamba, hata utando wa buibui. Sisi tuliozaliwa mle tulidhani hiyo ndiyo rangi ya jiko.

"Ingia, mdogo wangu, usije ukafa na baridi," mama akamwita.

Mjomba akaingia, akachukua kigoda kilekile alichokalia utotoni, akanyoosha mikono kwenye moto. Akatabasamu. Kisha akakohoa. Alikohoa mpaka akashika ukuta, mpaka machozi yakamtoka.

"Pole," mama akasema huku anageuza bada, ugali wetu wa muhogo, chunguni. "Kohoa, kohoa tu. Hiyo ni Dar inatoka."

Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaunga mkono. "Moshi wa miaka thelathini hautoki kwa siku moja."

Jirani, aliyekuja kuomba kaa la moto, akatikisa kichwa kwa huruma. "Afadhali unatoka. Ungebakia ndani ungemuua."

Nami, mwalimu wa sayansi, nikakubali pamoja nao. Ninaliandika hili kwa aibu. Mwezi uliotangulia tu nilikuwa nimewapa darasa la tano swali: taja vyanzo vinne vya uchafuzi wa hewa. Msichana mmoja aliandika viwanda, magari, vumbi, na bibi. Nilimwita nikamuuliza bibi anaingiaje humo. Akaniambia bibi yake akiwasha moto asubuhi, nyumba nzima wanatoka nje. Darasa likacheka, nami nikacheka, nikampa tatu kwa nne.

Siku zilizofuata nilianza kumwangalia mjomba, na kwa kumwangalia yeye nikaanza kuuona moshi. Nilikuwa nao maisha yangu yote bila kuuona. Alfajiri mama aliwasha kuni zilizolowa ukungu, na kuni za namna hiyo haziwaki kwa kubembelezwa. Zilihitaji kipande cha kandambili kuukuu, ambacho mama alikihifadhi kwenye kopo kama mtu anavyohifadhi iliki. Harufu ya mpira ikaingia chumba cha wageni, mjomba akaamka anakohoa. Mama, kwa sauti kutoka jikoni: "Pole! Naona leo inatoka vizuri!"

Jioni, nyuma ya ua, jirani alichoma pampasi za mjukuu wake. Huo ulikuwa moshi wa aina nyingine, mzito na mtamutamu, uliopita juu ya ua na kutua kwetu. Mama aliacha kila kitu akaenda kufunga dirisha la sebuleni.

"Huyu mama naye!" akanong'ona. "Hana hata haya."

Kesho yake mama alifagia uwanja, akakusanya majani ya mgrivea na maganda na mifuko michache ya plastiki iliyokuwa imejichanganya humo, akatia kiberiti. Nikasikia dirisha la jirani likifungwa, ba! Nyani haoni kundule. Nilimuuliza mama, miaka yote hii, hamjawahi kuambiana?

"Kuambiana nini?"

"Kwamba moshi unasumbua."

Akanitazama kama mtu aliyepotea njia. "Moshi si wizi, mwanangu. Utamwendea mwenzio na mashtaka gani? Moto umekaa kwake, upepo ndio umeleta."

Siku ya sita baba aliwasha tanuru la matofali.

Alikuwa amelipanga tangu mvua zilipokatika, kwa ajili ya kuongeza chumba kimoja, na kuni za miwati zilikuwa zimeshakatwa. Nilimkuta anaziba nyufa kwa udongo, uso umemng'aa kwa furaha.

"Baba, na mjomba?"

"Mjomba yuko kule, tanuru liko huku."

Kule na huku palikuwa hatua arobaini. Nilimwambia hivyo.

"Upepo wa mwezi huu unashuka Mazinde," akasema.

Mazinde iko mbali na kwetu, chini kabisa, kwenye barabara ya Mombo na Same, na sijui upepo gani ungekuwa na subira ya kuubeba moshi wa baba milima yote hiyo. "Na watu wa Mazinde je?" nikamuuliza.

"Wale wamezoea. Wana barabara kuu."

Upepo haukwenda Mazinde. Ulizunguka bonde mara moja, kama mtu aliyesahau kitu, ukarudi barazani kwetu. Mjomba alitoa barakoa mfukoni akaivaa. Baba aliiona, akageuka kutazama matofali yake kwa makini makubwa. Siku ya pili ya tanuru mjomba hakuweza kumaliza sentensi. Kifua kilipiga filimbi. Aliinua mkono kuniambia asijaliwe, mkono ukashuka wenyewe. Mama aliacha bada motoni, akaja, akamtazama mdogo wake usoni, na safari hii hakusema chochote kuhusu Dar.

"Mpelekeni," akasema.

Tulimkodia bodaboda hadi zahanati, mimi na baba tukafuata kwa miguu, nusu tukikimbia. Tulimkuta mjomba ameshapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo na anapumua, muuguzi amekaa mbele yake na daftari. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mpole, ila asiyepinda maneno. Alimwamkia baba shikamoo, kisha akaanza kuuliza.

"Mgonjwa anakaa wapi?"

"Huyu ametoka Dar es Salaam," baba akajibu haraka. "Gereji. Magari, moshi, fujo."

"Sijauliza ametoka wapi, mzee wangu. Nauliza anakaa wapi sasa."

"Kwangu."

"Mnapikia nini?"

"Kuni," nikasema mimi.

"Na huwa anakaa jikoni?"

Mjomba akainua kidole kimoja, kama mwanafunzi aliyekamatwa.

"Kuna kitu kingine kinachoungua karibu na nyumba?"

Nikamtazama baba. Baba alikuwa anasoma bango la ukutani kuhusu kunyonyesha watoto.

"Tanuru," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"La nani?"

"La... pale nyumbani."

Muuguzi akaweka kalamu. "Mzee wangu, kifua hakiulizi moshi umetoka Buguruni au umetoka hapa. Kwake wote ni moshi." Kisha, labda kwa kuona jinsi baba alivyonywea, akacheka. "Msinione mimi malaika. Nyumbani kwangu napikia mkaa, najua ubaya wake na bado napikia. Lakini huyu ni mgonjwa. Mtoeni kwenye moshi."

Mjomba alirudi kwa bodaboda, nasi kwa miguu, baba akiwa mbele mpaka tulipopita shamba la kabichi la mwisho.

"Yule dada hazijui hali za huku," akasema.

"Ni mtu wa Rangwi, baba. Nilimuuliza."

Rangwi ni milima ileile na baridi ileile. Baba akaongeza mwendo.

Alipofika nyumbani alitangaza sheria, na alizitangaza amesimama katikati ya uwanja, kama mwenyekiti wa kitongoji. Mgeni asiingie jikoni. Takataka zisichomwe. Kandambili zisiwashwe. Kuhusu tanuru, alisema limeshaanza na litajimaliza lenyewe, na kweli kesho yake lilizimika, matofali yakiwa mekundu na mazuri. Mjomba akapewa sebule, mablanketi mawili, chupa ya chai na redio.

Ikawa sasa jioni sisi tuko jikoni tunaongea na kucheka, na ng'ambo ya uwanja tunasikia redio inasoma taarifa ya habari kwa mtu mmoja. Baada ya siku mbili kikohozi kilipungua sana. Baba alifurahi. "Mnaona? Hewa!" Mjomba mwenyewe hakufurahi. Alikula kidogo, akalala mapema, akauliza mara mbili mabasi ya Dar yanaondoka Mombo saa ngapi.

Siku ya tatu alikuja akasimama nje ya mlango wa jiko, amejifunga blanketi mabegani, baridi inamtetemesha.

"Rudi ndani," mama akamwambia. "Umesikia alichosema muuguzi."

"Dada, mimi sikuja kukaa na redio. Redio ninayo Buguruni."

"Ulikuja kufuata hewa."

"Hewa nimeipata. Lakini nilikuja kukaa na wewe, na wewe unakaa humu."

Mama akainama, akapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Alipoinuka alijipangusa macho kwa ncha ya kanga. Macho ya mama yalikuwa mekundu miaka yote, yakitiririka kwa kila harusi na kila chungu, hata sikuweza kujua safari hii ni kwa sababu gani. Mjomba naye aliyatazama macho yale. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza aliyatazama kama fundi. Kisha akatazama mafiga, akatazama dari, akatazama moshi ulivyokuwa unazunguka juu ukitafuta pa kutokea na kurudi chini kwa dada yake.

"Dada," akasema, "gari hili halina ekzosi."

Kesho yake asubuhi alikuwa mtu mwingine. Alivaa barakoa na hakuna aliyemkataza. Alipima jiko kwa kamba, akachora chini kwa kijiti, akanituma Bumbuli nikanunue bati jipya na mkasi wa bati. Kisha akamwomba baba matofali.

Baba alisita. Matofali yale yalikuwa ya chumba. Alikwenda tanuruni, akakaa muda mrefu, akarudi na toroli la matofali yaliyopasuka. Mjomba akayapanga bila kulalamika. Lakini jirani alikuwa amekuja kuona kinachojengwa, akayaokota mawili, akayagonga moja kwa jingine, yakamegeka.

"Haya ndiyo matofali ya tanuru lile lililotutoa machozi kijiji kizima?" akauliza, kwa upole wote wa kwaya.

Baba akachukua toroli, akaleta mazima.

Kazi ilichukua siku nne. Mjomba alijenga jiko la matofali na udongo mfinyanzi, lenye mdomo mdogo mbele na matundu mawili ya vyungu juu, na nyuma yake akapitisha ukutani hadi nje bomba alilolikunja mwenyewe kwa nyundo, mshono wake umenyooka kama mstari wa daftari. Kuta za jiko zilipokauka aliita watu. Mama aliwasha kuni, bila kandambili. Moshi ukasitasita mdomoni, ukavutwa nyuma, ukapotea. Jikoni mkawa mweupe. Si kwamba kuta zilibadilika, la. Bali tuliweza kuonana. Jirani akapiga kigelegele.

Tulikuwa bado tunampongeza fundi, mlango wa nyumba kubwa ukafunguka kwa kishindo. Baba, aliyekuwa amejinyoosha chumbani kidogo baada ya swala ya adhuhuri, akatoka na shuka begani, anakohoa, macho yanamtoka.

"Nani anachoma nini hapa?" akafoka. "Mnataka kuniua?"

Tukatoka uwanjani tukatazama juu. Bomba lilikuwa fupi, mdomo wake umeelekea moja kwa moja dirisha la chumba chake, na upepo ulikuwa unamletea yote, bila kupunguza.

Mama alimtazama mumewe kwa utulivu. "Vuta tu, mume wangu," akasema. "Hewa ya huku ni dawa."

Sijawahi kumwona mjomba akicheka namna ile. Alicheka mpaka nikaogopa kifua chake, akakaa chini uwanjani, na hakukohoa. Baba alisimama na shuka lake, akatutazama mmoja mmoja, kisha naye mdomo ukamcheza. "Ongezeni hilo bomba," akasema, akarudi ndani. Bomba likaongezwa mpaka likapita paa.

Ningependa kusema mambo yakaisha hapo, lakini mama si mtu wa kushindwa kirahisi. Kwanza alilalamika kwamba jiko jipya halioteki vizuri, yaani halimwoteshi miguu. Kisha, wiki kadhaa baadaye, alinionyesha kiganja cha mahindi ya darini. Yalikuwa na vitundu vidogo, na unga ukimwagika.

"Fukusi," akasema kwa ushindi. "Mmeufukuza moshi, wamekuja wao. Nani alikuwa anawazuia miaka yote hii? Muuguzi?"

Katika hili alikuwa na haki. Moshi ule uliokuwa unamla macho ndio uliokuwa unamlindia chakula. Kwa muda fulani alirudisha mafiga pembeni na kuyawasha mara mbili kwa wiki, kwa ajili ya mahindi, akisema yeye mwenyewe hakai humo, anawasha na kutoka. Nilimkuta anawasha na kukaa. Mwishowe nilinunua mifuko ile ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, tukahamishia mahindi humo, na mafiga yakabaki kwa wageni wanaokumbuka ya kale na kutaka kuota moto.

Na mambo ya ua pia yalizungumzwa, baada ya miaka ishirini ya kufungiana madirisha. Mama aliukumbatia ugonjwa wa mdogo wake kama mtu aliyepewa barua ya ruhusa. "Jirani, ni kwa ajili ya mgonjwa tu," akaanza, "zile pampasi..."

"Nazijua," jirani akasema. "Nilikuwa nasubiri uanze, na mimi niseme kuhusu ile mifuko yako."

Wakacheka, kila mmoja kwa aibu yake. Vijana wa pande zote mbili wakachimba shimo refu kwa ajili ya pampasi, na majani yetu sasa yanaozeshwa kuwa mbolea. Siku nyingi ni hivyo. Siku nyingine naona uzi wa moshi nyuma ya ua na najua jirani ana haraka, na siku nyingine yeye anauona wa kwetu. Jiko lake naye alijengewa na mjomba, na wanawake wengine wawili wa mtaa wakajengewa, mmoja wao akisisitiza bomba lake liwe refu kuliko ya wenzake.

Upande wangu, nilirudi shuleni na kusimamisha moto wa kila Ijumaa, ule wa kuchoma taka nyuma ya madarasa, ambao mwalimu aliyeusimamia kwa miaka sita nilikuwa mimi. Mwalimu mkuu akaniuliza taka ziende wapi. Nikasema karatasi ziende shimoni na chupa za plastiki zikusanywe. Chupa zimekusanywa. Bado ziko kwenye stoo, zimejaa mpaka dirishani, na kila mkutano wa walimu naulizwa juu yake.

Mjomba aliondoka mwishoni mwa Agosti. Kifua hakikupona, maana miaka thelathini ni mingi, lakini alishuka Soni akiongea njia nzima, na daktari wake alimwambia amepata nafuu ila asilale tena chini ya gari. Sasa anauza vipuri, upande wa pili wa barabara ileile. Tukimuuliza kama huko hakuna moshi, anasema upo, lakini si wa kwake.

Idi iliyopita nilikuwa nyumbani. Mama alipika pilau tangu asubuhi, na wageni walipobisha hodi alitoka jikoni moja kwa moja kuwapokea, hakwenda kwanza kubadili nguo wala kunawa uso. Alikuwa amejitanda mtandio mweupe kabisa, aliojinunulia mwenyewe sokoni Soni. Maisha yangu yote sikuwahi kumwona mama na nguo nyeupe siku ya kupika. Baba aliwakaribisha wageni kwenye chumba kile kipya ambacho ukuta wake mmoja umebaki mfupi kwa kukosa matofali, akawaonyesha milima dirishani na kuanza kuwaeleza habari za hewa.

"Bomba," mama akamrekebisha, huku akiweka sinia mezani. "Waeleze na bomba."